Pisine mu parsele: kina ipimwe na yule anabakia nyumbani

Ndugu wa kazi, ba mama wa nyumba, na ninyi vijana munaosomeaka wazee gazeti hii, leo tunataka kusema juu ya kitu yenye wengine watacheka kwanza: pisine ya jamaa, ile ya kuchimba nyuma ya nyumba. Hatucheke. Ku Kolwezi, ku Likasi, ku Lubumbashi, tunaona watu wa kazi wanaitaka. Mutu anapata dekonte yake, ao kontra yake imekuwa ya nguvu, anajenga ukuta ya parsele, anapanda maua, na kiisha anaita masoni: « Nichimbie pisine. »

Hatuone zambi mu ile mapenzi. Wazee wetu walifanya kazi kwa Union Minière, na kiisha kwa Gécamines, na wanajua ilikuwa namna gani: wakati ya ukoloni, pisine ilikuwa kitu ya wazungu. Mutoto mweusi alisikia paka makelele ya maji nyuma ya ukuta. Leo, kama mutoto wa mufanyakazi anaweza kuogelea mu maji safi kwao, sisi hatutamukataza baba yake. Tena, tunajua wapi watoto wengine wanaendaka kuogelea: mu karieri ya zamani yenye maji ilijaa. Pale ukingo iko wima, hakuna pa kushika, na maji inaweza kuwa na asidi na vyuma. Kama pisine ndogo ya nyumbani inamuzuia mutoto kwenda kule, inafanya kazi ya maana.

Lakini tuko na neno moja ya kusema, na tutaisema wazi. Watu wengi wanachagua ukubwa na kina ya pisine na macho ya jirani. Wanataka ile waliona ku hoteli: mita 10 kwa 5, upande moja mita 1, upande ingine mita 2 na zaidi, « juu ya kuruka ». Baba anasimama ku ukingo ya shimo, anaangalia kina, moyo inafurahi. Anapima na urefu yake yeye mwenyewe. Sisi tunasema: asipime yeye. Kina ya pisine ipimwe na yule anabakia nyumbani.

Tufikiri kidogo. Baba wa kazi ya mugodi iko wapi wakati watoto wanacheza? Basi inamupakia kungali giza. Posti ni masaa 12. Wengine wanalala ku kambi ya kampuni siku nyingi mbele ya kurudia. Na akirudia kutoka posti ya usiku, mchana analala, tena analala kabisa. Kwa hiyo siku yenye mutoto ataanguka mu maji, mutu mwenye kujua kuogelea, mwenye mabega makubwa, hataikuwa pale. Atakuwa pale mama, ao tate, ao yaya wa miaka 14, ao musichana wa kazi. Na wengi kati yao hawajue kuogelea hata kidogo.

Sasa mupige picha mu kichwa. Mutoto wa miaka 3 iko chini ya maji. Kama maji ni ya mita 1,10, mama anaingia na viatu na kikwembe, miguu inagusa chini, anamushika mutoto, anamuinua. Ndani ya maji mutoto haina kilo nyingi. Inachukua sekunde. Kama maji ni ya mita 2,20, mama anaingia vilevile, juu hakuna mama atasimama kuangalia. Lakini ataingia na hatatoka. Tutazika wawili.

Njo maana tunasema kina kidogo haiokoe mutoto peke yake. Tusidanganyane: mutoto mudogo anaweza kufa maji mu beseni, mu bidoni yenye ilikatwa, mu sentimita chache. Kina kidogo inaokoa mukubwa mwenye kuingia kumutafuta. Na kupitia yule mukubwa, inaokoa mutoto. Hii njo sababu yote ya kuchagua kina. Ingine yote ni mapambo.

Wengine watauliza: sasa pisine ya mita 1,20 ni pisine ya nini? Mutu mukubwa ataogelea mule? Ndiyo, ataogelea. Mutu mwenye kuogelea haitembee ku sakafu, iko ju ya maji. Hata kanuni za kimataifa za mashindano ziliruhusu muda mrefu mita 1,35 pale wanarukia, na mita 1 mahali pengine. Kama mabingwa wanaweza, na sisi tutaweza.

« Na kuruka kichwa mbele? » Pale tunajibu: hapana, hata mu ile ya mita 2,20. Msalaba Mwekundu ya Marekani inaomba mita 2,70 ya maji mbele ya kuruka kichwa mbele. Hakuna parsele ya kwetu yenye itachimba ile kina vizuri, tena kwa urefu yenye kutosha. Pisine ya katikati, yenye iko ndefu kidogo kwa kuzamisha mama lakini fupi kwa kuruka, njo mbaya kupita zote. Inaita vijana kuruka, na chini inawangojea na sima. Shingo inavunjika, na kijana wa miaka 17 analala ku kitanda maisha yake yote.

Sasa tuongee ukubwa, na hapa tutapiga hesabu, juu watu wa mugodi hawaogopake hesabu.

Pisine ya mita 10 kwa 5, yenye kuanza mita 1 na kufika mita 2,20, iko na kina ya katikati ya mita 1,60. Inameza mita kibe 80. Pisine ya mita 6 kwa 3, yenye kuanza sentimita 90 na kufika mita 1,20, inameza karibu mita kibe 19. Mita kibe moja ni bidoni 50 za litre 20. Basi ile kubwa ni bidoni 4.000. Ile ndogo ni bidoni 950. Ba mama mwenye walishabeba bidoni ku kichwa toka ku robine ya jirani wanaelewa ile hesabu mbio kupita ba enjenyeri.

Na maji haijazwe mara moja tu. Mu kiangazi, upepo na jua inakunywa. Kama maji inashuka milimita 5 kwa siku, ile kubwa inapoteza bidoni 12 kila siku, ile ndogo bidoni 4 ao 5. Pompi ndogo yenye kupitisha mita kibe 5 kwa saa itachuja pisine ndogo kwa masaa 4. Ile kubwa itaiomba masaa 16. Nani mu cité iko na kura masaa 16 bila kukatika? Groupe itanguruma usiku na mchana, na mazuti ina bei.

Pompi ikilala, maji inalala. Maji ikilala, kloro inakwisha, rangi ya kijani inaingia. Mbu haihitaji zaidi ya siku 7 mpaka 14 toka yai mpaka kuruka. Ile ya malaria inapenda sana maji yenye kusimama. Kwa hiyo mutu mwenye kuchimba pisine kubwa kupita uwezo wake haikuchimba pisine. Alichimbia jirani wote shamba ya mbu. Na maji ya kijani iko na hatari ingine: mutoto akizama, haonekane. Mama atapita pembeni mara tatu bila kumuona. Sheria yetu iwe hii: kama hauone sakafu, hakuna mutu anaingia, na mlango inafungwa na kadenasi.

Tuendelee na ukuta ya shimo. Maji inasukuma, na haisukume sawasawa: kina ikiongezeka kidogo, nguvu inaongezeka mingi. Ku kila mita ya ukuta, maji ya kina ya mita 1,20 inasukuma na nguvu ya kama kilo 720. Maji ya mita 2,20 inasukuma na kilo 2.420. Ni zaidi ya mara tatu. Na wakati pisine iko wazi, ni udongo njo inasukuma kwa ndani. Briki za kawaida na sima ya kuhesabia haitavumilia. Inaomba beto yenye ferabeto, na mutu mwenye kujua kuifunga. Sisi watu wa mugodi tulishaona ukingo ikiteremuka. Tunajua udongo haiombake ruhusa.

Tusisahau mvua. Huku kwetu inanyesha toka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3 ao wa 4, na kwa mwaka inapita milimita 1.000. Maji ya chini ya udongo inapanda. Ku mugodi, pompi za kutoa maji zinafanya kazi bila kupumuzika, na kila mutu anajua sababu. Ku parsele ni maji ileile. Mutu akitoa maji yote mu pisine katikati ya mwezi wa 2, ile sanduku ya beto inakuwa kama mashua: maji ya chini inaisukuma, inapasuka ao inainuka. Kadiri shimo iko ndefu, njo kadiri inakutana na ile maji mapema. Kabla ya kuamua kina, uangalie kisima ya jirani mwisho wa mvua: maji inasimama ku mita ngapi? Kama iko ku mita 2, pisine ya mita 2,20 ni kutafuta matata na feza yako mwenyewe. Na kazi ya kutoa maji na kusafisha, uifanye mu kiangazi.

Udongo nayo: wachimbaji mnajua, udongo ikitoka mu shimo inavimba. Mita kibe 4 ku shimo inakuwa kama 5 ku lundo. Pisine ya mita kibe 80 itakuachia mulima wa mita kibe 100 mu parsele, na kuipakia ku kamio ni bei ingine yenye masoni hakukuambia.

Tunafika ku neno yenye tunaiweka juu ya yote: lupango ya pisine.

Wengi wanasema: « Parsele yangu iko na ukuta ya mita 2,50, na chupa ku juu. » Ile ukuta inazuia mwizi. Haizuie mutoto wako, juu mutoto wako iko ndani. Pisine inaomba lupango yake yenyewe, pande zote 4, ata upande wa nyumba. Nyumba isikuwe upande wa ine, juu mlango wa jiko unabakiaka wazi. Ufaransa waliweka sheria tarehe 3 Januari 2003: kila pisine ya kuchimba ya nyumba ya mutu iwe na kitu cha kuzuia mutoto, na ile ya lupango isikuwe chini ya mita 1,10. Sisi hatungoje sheria. Mita 1,10 iwe mwanzo, 1,20 ni muzuri zaidi. Vyuma visimame wima, vikaribiane, pasipo na kitu ya kupandia kama ngazi. Mlango ijifunge yenyewe, na kufuli iwe juu, pasipo mukono ya mutoto.

Shirika la afya ya dunia, OMS, inahesabu kama watu 300.000 walikufa maji mu mwaka 2021 peke yake, na karibu moja ku kila ine walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mutoto wa ile miaka haililie musaada. Haipige makelele sawa mu sinema. Anateremuka kimya, na mu dakika chache ubongo unaanza kufa. Mama iko pale karibu, anakoroga bukari, na hasikie kitu.

Ku mugodi hakuna kamio inapita ku barabara ya juu bila bermi. Na bermi ina kipimo: ifike angalau nusu ya gurudumu ya kamio kubwa. Hawapimi na gari ndogo ya shefu. Wanapima na ile yenye hatari. Nyumbani ni vilevile: lupango ipimwe na mutoto mwenye kupanda zaidi, kina ipimwe na mukubwa mwenye urefu kidogo zaidi. Shefu wa posti akikuta shimo bila alama anasimamisha kazi. Kwa nini yeye mwenyewe, ku kwake, anajaza maji mbele ya kuweka lupango, akisema « tutaweka mwezi ijayo »? Lupango kwanza, maji nyuma. Kama feza haitoshe vyote viwili, basi feza haitoshe pisine.

Tunajua jibu ya wengine: « Watu wa cité wanakosa maji ya kunywa, na ninyi munaandika juu ya pisine? » Ni neno ya haki, na hatuikimbie. Mwenye kisima chake, achotee jirani kabla ya kujaza pisine. Na ile hesabu ya bidoni 950 mbele ya bidoni 4.000 iko vilevile mu ile jibu: kama unataka kujifurahisha, ujifurahishe na kidogo. Tena, yote tuliyosema juu ya lupango inagusa na ule mwenye hatakuwa na pisine maisha yake. Kisima bila mufuniko, tanki ya maji ya kujengea, shimo ya briki yenye ilijaa mvua, fosi yenye haijafunikwa: yote inaua vilevile, na mu cité iko mingi kupita pisine. Anza na ile.

Basi, kwa mwenye ameamua kuchimba, hii njo ushauri yetu.

Mbele ya kuita masoni, simamisha ku ukuta yule mukubwa mwenye urefu kidogo kati ya wote wanachungaka watoto. Kama ni mama, ni mama. Kama ni tate, ni tate. Weka alama na mukaa ku kwapa lake. Ile alama njo kina ya mwisho ya maji, mahali pa ndefu kabisa. Kwa wengi itafika mita 1,10 ao 1,20. Usiongeze.

Ukubwa: mita 6 kwa 3 inatosha jamaa ya watoto 4 ao 5. Mita 7 kwa 3,50 kama parsele ni kubwa na kisima inatoa vizuri. Sakafu iteremuke polepole, bila kuanguka gafula. Ngazi ichukue upana wote wa upande mufupi, isikuwe ngazi ya chuma ku kona. Andika kina na rangi ku ukingo. Tundu ya kuvutia maji iwe na mufuniko ya nguvu, na ziwe mbili, juu tundu moja yenye ilivunjika inaweza kushika nywele ama mukono ya mutoto na isimuachilie. Chimba mbali na fosi, kwa upande ya juu, na mahali pa kuonekana toka ku dirisha ya jiko. Ukifunika na basi, ikazwe sana: basi ya kulegea ni mutego, mutoto anaitembelea kama zulia, inamufunga.

Na neno ya mwisho. Makampuni mengi yanafundisha wafanyakazi namna ya kuokoa mwenye ajali. Usiiache ile elimu ku mugodi. Fundisha bibi yako na yaya mukubwa: mutoto akitolewa mu maji na hapumue, pumzi 5 ku kinywa kwanza, kiisha kufinya kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea bila kuacha mpaka musaada ifike. Wafanye mazoezi ku muto, mara moja kwa mwezi. Na fimbo ndefu iwekwe ku lupango, isitumike kwa kazi ingine.

Mutu wa mugodi anaijua shimo kupita mutu yeyote. Anajua shimo ndefu si utajiri, ni kazi na hatari. Basi, siku anachimba shimo kwake, akumbuke nani atakuwa pembeni yake wakati yeye iko chini, ku posti. Akimupimia yule, amepima vizuri.